Nani Anaweza Kusema Hapana? Serikali Ndani ya Siku Tano

Jumatatu asubuhi, kabla hata hatujajitambulisha, tuliwagawia washiriki vikaratasi vyenye swali moja: "Katika nchi hii, nani anatunga sheria?" Walikuwa 40, wengi wa mwaka wa pili na wa tatu, kutoka uhandisi, uuguzi, kilimo, ualimu na biashara. Tulipovikusanya, vikaratasi 33 vilisema "Bunge". Vitano vilisema "Rais". Kimoja kilisema "wakubwa". Na kimoja, kwa mwandiko mdogo mdogo, kilisema "sijui, ndiyo maana nimekuja".

Hakuna aliyepata maksi zote, ingawa wa mwisho alikaribia. Fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 62. Inasema Bunge letu lina sehemu mbili: Rais na Wabunge. Yaani Rais si jirani wa Bunge, wala si mgeni anayekuja kulihutubia. Ni sehemu mojawapo ya Bunge lenyewe. Waliosema "Bunge" waliwaza wabunge peke yao, na waliosema "Rais" waliwaza mtu mmoja peke yake.

Darasa likanyamaza kidogo. Kisha dada mmoja wa uuguzi akauliza: "Sasa mwalimu, kama ni hivyo, nani anamzuia nani?"

Hilo ndilo swali lililotubeba siku tano nzima, na ndilo nataka tulijadili hapa.

Kozi yenyewe ni ya nini?

Kozi fupi za serikali na siasa ya nchi zipo vyuo vingi duniani. Nyingine ni za wiki moja, nyingine za muhula mzima, nyingine hupeleka wanafunzi kwenye mji mkuu wakaone kamati za Bunge zinavyokaa. Kwetu pia wazo si geni. Chuo cha Kivukoni kilianza mwaka 1961 kikiwafundisha watu wazima mambo ya uongozi na uchumi nchi ikiwa inaingia kwenye uhuru. Na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikimtaka mwanafunzi wa fani yoyote, hata daktari, apitie somo la jamii na maendeleo, lile tunaloliita "DS".

Kozi yetu ni ndogo zaidi ya hapo: siku tano, hakuna mtihani, chai na maandazi saa nne. Hatumfundishi mtu apigie kura chama gani. Tunajaribu kufanya kitu kimoja tu: mtu akitoka hapa, akisikia "sheria mpya imepita", ajue imepita kwa nani, na nani angeweza kuizuia.

Na kwa hilo tuna chombo kimoja cha kisayansi, rahisi kuliko jina lake.

Turufu mkononi

Umewahi kucheza karata? Basi unajua turufu. Mwenzako anaweza kuwa na ree, wewe una karata ndogo tu ya turufu, na bado unamkata. Ndiyo maana Kiswahili kinaita ile haki ya kuzuia uamuzi wa wenzako "kura ya turufu".

Mwaka 2002 mwanasayansi ya siasa mzaliwa wa Ugiriki, George Tsebelis, alichapisha kitabu kilichotoa hoja hii: ukitaka kuelewa mfumo wa serikali wa nchi yoyote, usianze na jina lake. Usianze na "urais" au "ubunge", "chama kimoja" au "vyama vingi". Anza kwa kuhesabu wenye turufu, yaani watu au vyombo ambavyo ni lazima vikubali ndipo hali iliyopo ibadilike. Kisha uliza swali la pili: je, wanatofautiana kimawazo, au wanataka kitu kilekile?

Wakiwa wengi na wanatofautiana, mabadiliko yatakuwa magumu, na hali iliyopo itadumu. Wakiwa wachache, au wengi lakini nia yao moja, mabadiliko yatakuja upesi, mazuri na mabaya sawia.

Shika hilo neno "sawia". Tutalirudia.

Muswada wa Asilimia Mia

Jumanne tuliwaambia: nyie sasa ni Bunge. Leteni muswada wenu. Hawakuchelewa. Kundi la kwanza likaja na muswada wa mkopo: kila anayechaguliwa kujiunga na chuo kikuu apewe mkopo asilimia 100, ada, chakula na malazi, bila kujali uwezo wa wazazi. Makofi. Wengine walisimama. Ukumbini mle kuna watu wanaoishi kwa mlo mmoja kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo haukuwa mchezo kabisa.

Tukawapitisha kwenye hatua zenyewe. Muswada huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, husomwa mara ya kwanza, huenda kwenye kamati ambayo husikiliza maoni ya wadau, hurudi kusomwa mara ya pili ambapo mjadala mkubwa hufanyika, hupita kwenye Kamati ya Bunge Zima kifungu kwa kifungu, husomwa mara ya tatu, kisha huenda kwa Rais. Ikiwepo hati ya dharura, safari hiyo hufupishwa sana. Ndivyo zilivyopita sheria za rasilimali na madini za mwaka 2017.

Kaka wa biashara aliyekuwa "Spika" akauliza kama kuna pingamizi. Binti mmoja wa ualimu akanyoosha mkono na Katiba yake iliyokunjwa kona: "Mheshimiwa Spika, ibara ya 99."

Na hapo muswada ukafa.

Ibara ya 99 inasema Bunge halitashughulikia muswada wa kupandisha kodi, au wa kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, mpaka Rais awe amependekeza jambo hilo na pendekezo liletwe na Waziri. Mbunge wa kawaida anaweza kuleta muswada binafsi, lakini si wa kuichota Hazina. Kupunguza, anaruhusiwa kupendekeza. Kuongeza, hapana.

Watu walikasirika, na mimi nilifurahi wamekasirika. Kwa sababu mpaka asubuhi ile, kila mmoja alikuwa anaamini mbunge wake hajaleta muswada kama huo kwa kuwa ni mvivu au amewasahau waliompigia kura. Inawezekana. Lakini hata angekuwa mchapakazi kuliko wote, mlango huo ana ufunguo wake mtu mwingine. Anachoweza mbunge ni kuuliza maswali, kubana kwenye kamati na kupigia kelele bajeti ili Serikali yenyewe ilete. Ukijua hivyo, unajua pia barua yako ya malalamiko uiandikie wapi.

Shoka mbili

Jumatano tulichukua muswada mwingine, usiogusa fedha, tukaupitisha, "Rais" wetu akaukataa. Nini kinafuata?

Ibara ya 97 ina utaratibu. Rais akikataa, anaurudisha pamoja na sababu zake. Muswada hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi sita, isipokuwa ukiungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukirudi kwa nguvu hiyo, Rais anatakiwa aukubali ndani ya siku 21. Asipokubali, itabidi alivunje Bunge. Na akilivunja Bunge, naye anarudi kwa wananchi kuomba kura.

Upande wa pili, ibara ya 90 inamruhusu Rais kuvunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Kwa hiyo kila mmoja ana shoka lake. Mbunge anayetaka kupiga kura ya hapana kwenye bajeti anajua huenda kesho yake yuko jimboni anaanza kampeni, na mkopo wa gari haujaisha.

Yule dada wa uuguzi akarudi tena: "Mwalimu, kwenye karatasi zipo turufu mbili. Mbona mtaani tunaona moja?"

Tsebelis analo jibu, nami nitalisema kwa lugha ya karata. Turufu mbili zikiwa mkononi mwa mchezaji mmoja, zihesabu kama mchezaji mmoja. Vyombo viwili vyenye nia ileile havizuiani, hata kama Katiba imevipa vyote uwezo wa kuzuia.

Sasa angalia kanuni zetu nyingine. Mawaziri, kwa ibara ya 55, wanateuliwa kutoka miongoni mwa wabunge, kwa hiyo anayetakiwa kuhojiwa na anayehoji wanakaa ukumbi mmoja, na anayehoji leo anaweza kuteuliwa kesho. Rais mwenyewe anaweza kuteua wabunge hadi 10. Na kwa ibara ya 71, mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini anapoteza kiti chake. Mbunge huyo ana turufu kweli, lakini kadi ya chama iko mfukoni mwa wengine. Anayetaka kutabiri muswada utapita au la, mara nyingi afadhali aulize kikao cha chama kuliko kusubiri kura ya ukumbini.

Hakuna haja ya kumtukana mtu hapo. Kanuni zikikaa hivyo, na chama kimoja kikawa na viti vingi mno, hata malaika tungewapeleka Dodoma wangeishia kuitikia "ndiyo".

Watu 4 waliowashinda 36

Alhamisi ndiyo siku niliyoipenda. Tuliwagawa: washiriki 30 wakawa wabunge wa kutoka Tanzania Bara, 10 kutoka Zanzibar. Hoja mezani: kuongeza jambo moja kwenye orodha ya mambo ya Muungano.

Kura zikapigwa. Bara, wote 30 ndiyo. Zanzibar, 6 ndiyo, 4 hapana. Jumla ni 36 kwa 4, asilimia 90. Upande wa Bara wakaanza kushangilia.

"Imeshindwa," tukawaambia.

Ibara ya 98 inataka mabadiliko ya kawaida ya Katiba yapate theluthi mbili ya wabunge wote. Lakini yapo mambo yaliyoorodheshwa kwenye Nyongeza ya Pili, yakiwemo kuwapo kwa Muungano wenyewe na orodha ya mambo yake, ambayo yanataka theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande peke yake. Theluthi mbili ya 10 ni 7. Walikosa mmoja.

Kelele zikawa nyingi. "Hii si demokrasia, watu wanne wanatuzuia!" Kaka mmoja wa uhandisi, mzaliwa wa Pemba, aliyekaa kimya tangu Jumatatu, akasimama: "Nyinyi mko wengi. Bila kanuni hii sisi tungekuja hapa kufanya nini? Kushuhudia?"

Hapo ndipo somo lilipo. Nchi mbili zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, moja ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko nyingine. Kama kila kitu kingeamuliwa kwa wingi wa vichwa tu, mdogo angemezwa siku ya kwanza. Turufu hii ilitengenezwa kwa makusudi ili mkubwa alazimike kumbembeleza mdogo. Na bado haikuzuia orodha kukua: mambo ya Muungano yalianza 11, leo ni 22, na mjadala kuhusu yalivyoongezeka haujaisha pande zote mbili. Ndiyo kusema turufu ipo, lakini rudi kwenye swali la pili: iko mkononi mwa nani, na anataka nini?

Mahakama inaweza kukata, haiwezi kushona

Siku hiyohiyo jioni tuliuliza kuhusu mahakama. Je, nayo ina turufu?

Inayo. Mwaka 2016, kwenye kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kuwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18, vinakiuka Katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Mahakama Kuu. Mahakama ilikata kitambaa. Lakini kushona kipya ni kazi ya Bunge, na mwaka ule mmoja ulipita bila sheria kubadilishwa.

Mfano wa pili ni mrefu kama treni ya zamani. Mchungaji Christopher Mtikila alidai haki ya kugombea bila chama. Mahakama Kuu ilimpa ushindi mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba kuziba mwanya. Akarudi, akashinda tena mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, ambayo mwaka 2013 ilisema Tanzania imekiuka haki zake. Hesabu mwenyewe turufu zilizochezwa, halafu uone nani alikuwa na ya mwisho.

Na yapo maeneo ambako mahakama haina karata kabisa. Ibara ya 41 inasema Tume ikishatangaza mshindi wa urais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake.

Chungulia Namanga

Ijumaa tuliwataka walinganishe na jirani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilitawanya turufu kusudi kabisa. Mawaziri si wabunge. Kuna Bunge la Taifa na Seneti. Rais hana uwezo wa kulivunja Bunge kwa sababu limekataa bajeti yake. Uchaguzi wa Rais unaweza kupingwa mahakamani, na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu iliufuta kweli, ukarudiwa.

Lakini tazama Muswada wa Fedha wa mwaka 2024. Tarehe 25 Juni Bunge la Taifa liliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106. Muswada wa fedha hauendi Seneti, kwa hiyo turufu hiyo haikuwepo. Bunge na Ikulu walikuwa na nia moja, kwa hiyo turufu zao zilikuwa moja. Vijana walikuwa mitaani, wengine waliuawa siku hiyo. Kesho yake Rais Ruto akasema hatautia saini, akaurudisha akitaka vifungu vyote vifutwe.

Turufu gani ilicheza pale? Haimo kwenye ibara yoyote ya utungaji wa sheria. Vyombo vyenye turufu vinapokubaliana vyote, na wananchi hawakubaliani navyo, kinachobaki ni barabara. Na barabara ni turufu ya gharama kubwa kuliko zote, kwa kuwa anayeicheza huenda asirudi nyumbani. Ndiyo sababu inafaa kujua zile nyingine zipo wapi, na kuzitumia mapema, muswada ungali kwenye kamati.

Basi turufu nyingi ni bora?

Usikimbilie hapo. Turudi kwenye neno "sawia" na kwenye mkopo.

Mwaka 2016 makato ya mkopo wa elimu ya juu yalipandishwa kwa sheria kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Waliokuwa tayari kazini, waliosaini mkataba wa 8, wakaamka na 15. Lilikuwa jambo la haraka. Mei Mosi 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kufutwa kwa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Likawa jambo la haraka pia, na safari hii watu wakashangilia.

Ni mfumo uleule. Unaoweza kukupa nafuu asubuhi ndio unaoweza kukupa mzigo jioni, kwa sababu uko mikononi mwa wachache. Ungekuwa na wenye turufu wengi wanaobishana, pengine 15 isingepita. Na pengine ile 6 ingekuwa bado inakatwa hadi leo, inajadiliwa kwenye kamati. Sayansi haikuchagulii kipi bora, ila inakuonyesha bei ya kila kimoja.

Ijumaa mchana tuliwagawia tena vikaratasi vilevile, swali lilelile. Safari hii majibu yalikuwa marefu, mengine yalijaza pande mbili. Moja lilisema: "Inategemea ni sheria ya nini. Ya fedha, anza kwa Waziri. Ya Muungano, wahesabu Wazanzibari. Nyingine zote, angalia chama." Ukiniuliza mimi, huo ni muhtasari wa kozi nzima.

Nawe jaribu. Chukua sheria moja inayokugusa: makato, bima, ardhi, boda boda, chochote. Jiulize mambo matatu. Nani lazima akubali ndipo ibadilike? Kati ya hao, nani anatofautiana na mwenzake? Na yupi kati yao unaweza kumfikia wewe, kwa barua, kwa maoni kwenye kamati au kwa kura? Ukimaliza, tuandikie ulichokipata. Kozi ijayo tunahitaji miswada mipya, maana ule wa asilimia mia kila mwaka unaletwa, na kila mwaka ibara ya 99 inausubiri mlangoni.